Ngozi ya Taa

Watu husema taa imezeeka.
Siyo. Taa imechunika.
Kiwandani ilivikwa ngozi, nyembamba kuliko ya kitunguu,
na jua la Nyakato likaila taratibu, upande wa juu kwanza,
kama mtu asiye na njaa anavyotafuna hindi la kuchoma.

Mimi ndiye Nkwabi wa pembeni mwa kituo cha mafuta,
mwenye ndoo mbili na meza ya mbao za kreti.
Msasa naanza na wa mia nane,
kisha elfu moja mia tano, kisha elfu mbili,
maji yakichuruzika meupe kama ya kuoshea mchele,
hadi taa nzima inashikwa na ukungu.
Hapo mteja hushtuka: "Umeniharibia!"
Nacheka. Napaka polishi. Nasugua.
Ukungu unajitenga, na balbu inaonekana kule ndani
kama kiini cha yai.

Nani asiyeipenda dakika hiyo?
Mteja anatoa simu, anapiga picha.
Anatoa elfu kumi na tano, anaondoka.

Na mimi nilikuwa namwacha aondoke.

Nasema sasa kwa sababu Nyamizi alirudi,
yule wa Probox nyeupe, mpeleka samaki wa kukausha Magu.
Februari taa zake niliziacha zinaita.
Mei zimerudi na manjano, manjano mabaya,
ya mkojo wa mtu mwenye homa.
Hakunitukana. Bora angenitukana.
Alisema tu: "Jana usiku, pale Kisesa, kulikuwa na mtu na baiskeli.
Sikumwona, Nkwabi. Nilisikia kengele."

Kengele.

Nilichokijua nisikiseme ni hiki:
kusugua taa ni kumvua mtu nguo juani.
Yale manjano niliyoyaondoa yalikuwa kigaga,
na chini ya kigaga kulikuwa na plastiki mbichi,
na jua la huku hupiga mara mbili,
moja kutoka juu, moja kutoka majini.
Nilikuwa nauza mng'ao.
Kopo la klia lilikuwa bei, na mng'ao ulikuwa unalipa papo hapo.

Basi siku hizi sitoi ufunguo kabla ya koti.
Nafuta kwa spiriti hadi kitambaa kilie kwii.
Nabandika gazeti kuzunguka, nisichafue rangi ya bodi.
Napuliza klia ya kukinga jua, si vanishi ya makabati
(niliwahi kujaribu ya makabati;
ilibanduka kama magamba ya sato).
Koti la kwanza jepesi, kama pumzi kwenye kioo.
Nangoja. Mteja anaangalia saa.
Koti la pili. Nangoja tena.
"Huku kungoja ndiko unakokulipia," namwambia,
na wengine huenda kwa Masalu ng'ambo ya barabara,
ambaye hutumia dawa ya meno, na humaliza upesi.

Jioni sipulizi. Wadudu wa ziwani hupanda kama moshi,
na anayenata kwenye klia hubaki humo,
mguu mmoja juu, hadi gari liuzwe.

Usioshe kwa sabuni ya unga, nasema.
Egesha uso wa gari ukutani.
Rudi mwakani zikiwa bado nyeupe; usisubiri zianze kugeuka.
Wanaitikia kwa kichwa. Nani anarudi na kitu kizima?

Za Nyamizi nilizirudia bure.
Alikataa bure, akaniachia furushi la samaki mezani,
nami nikakataa, kisha nikalibeba hadi Igoma,
abiria wote wakinitazama kwa pua.
Aliwasha taa saa saba mchana, kuzijaribu tu.
Hakuna cha kuona saa saba mchana.
Tulisimama hata hivyo, tukiziangalia.

Tangu hapo, baiskeli ikipita na kengele,
kwanza naweka msasa chini.